Msondo wa Mbao za Kitanda

Feisal alitaka ngoma ya kung'aa. Kulia ingelia tu, alisema, kwani ngoma ikipigwa itaacha kulia? Alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya karakana ya Yussuf pale Kibiti, baina ya vitanda vya sita kwa sita na makochi ambayo hayajavishwa vitambaa, ameinua pindo la kanzu lisiguse vumbi la randa.

"Unataka kama ile ya ukoo wenu, bosi?" Yussuf aliuliza. "Ile ndefu, ya gogo?"

"Gogo la nini? Gogo zito, jeusi, linanuka moshi. Nitengenezee ya mbao. Nyepesi, halafu uipige vanishi mpaka mtu ajione uso."

Yussuf alikuwa fundi wa vitanda. Katika maisha yake hakuwahi kutengeneza ngoma, na kwa vile alijua kwamba tajiri habishiwi dukani wala karakanani, hakulitaja jambo hilo.

"Na chini je? Ngoma za msondo huachwa wazi chini."

"Wazi ili panya waingie? Ziba."

Basi akaziba. Alichukua mabaki ya mbao laini za kitanda, akazichana vipande virefu, akavipanga duara kama pipa, akavigandisha kwa gundi na kuvikaza kwa mipira ya baiskeli mpaka vikashikana. Penye nyufa akajaza puti. Ndani hakuna aliyehangaika napo, maana ndani hapaonekani. Gundi ikaning'inia humo kwa matone yaliyokauka. Mdomo wa juu akaukata kwa msumeno, ukabaki bapa wenye ncha kali, na ngozi ya mbuzi akaipigilia kwa misumari ya makochi, ile yenye vichwa vya rangi ya dhahabu. Mwishowe akapaka vanishi mara tatu. Ukiitazama ilikuwa nzuri. Ubaya ni kwamba watu wengi huishia kutazama.

Feisal aliuza saruji, mabati na vigae kando ya barabara kuu, na mji mzima ulimwita Mheshimiwa, ingawa hakuna aliyewahi kumchagua kwa lolote. Ngoma aliiweka sebuleni, kando ya televisheni, mkewe Mwanamkuu akaitandikia kitambaa cha kufuma. Majirani wakapita mmoja mmoja kuisifu. Walikuwa na hoja nzito ya kuisifu: pilau ilikuwa imekaribia.

Mwali mwenyewe, Shufaa, binti wa Feisal, alikuwa chumba cha ndani akifundwa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, na siku ya kutoka ndiyo ingekuwa siku yake ya kuolewa na kijana wa Kiongoroni, kule deltani. Katika ukoo wa Feisal mwali hutolewa kwa msondo, na anayemfunua kanga usoni ni shangazi, dada wa baba. Asipofunuliwa na shangazi, wao husema ameonyeshwa, hajatolewa.

Shangazi alikuwa mmoja tu, Zabibu wa Umwe. Yeye ndiye aliyemlea Shufaa mpaka akamaliza shule ya msingi, enzi ambazo Feisal alikuwa akiuza dagaa kwa baiskeli, kazi ambayo siku hizi haikumbuki. Na yeye ndiye aliyekuwa akiutunza msondo wa babu yao.

"Ungekwenda tu ukamwalika, tukapata na ngoma yenyewe," alisema Mwanamkuu usiku mmoja, bila kusisitiza.

"Nikamwombe Zabibu? Baada ya yale?"

Yale yalitokea katika hitima ya mama yao. Zabibu alikuja kutoka shamba na mchele kichwani, miguu ina tope, akapitia mbele ya wageni wa Feisal wafanyabiashara. Mgeni mmoja akauliza huyo ni nani. Mwanamkuu akajibu haraka, "Ni mama mmoja anatusaidia kazi." Feisal alisikia. Alikuwa anatafuna nyama, akaendelea kutafuna. Zabibu naye alisikia. Akaosha vyombo vyote mpaka vikaisha, akajifuta mikono, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Kibiti.

"Atakuja kunidhalilisha mbele za watu," alisema Feisal, kana kwamba kudhalilisha watu ilikuwa kazi ya Zabibu.

Asubuhi yake Shufaa alimwita baba yake kupitia mlangoni. "Baba, shangazi mmemwalika?"

"Nimemwalika. Amesema hatakuja."

Shufaa akausogelea mlango zaidi.

"Amesema hivyo hivyo?"

"Ndivyo alivyosema. Moyo wake umekuwa mgumu, mwanangu, tumwombee."

Akaenda zake dukani. Watu kama Feisal husema uongo kwa wepesi, halafu humtupia Mungu sehemu iliyobaki.

*

Kungwi aliitwa Hajira, mwanamke mpana, mwenye mdomo usiopumzika, aliyefundisha wanawali wa pande zile zote heshima na subira bila yeye mwenyewe kuwa na hata mojawapo. Alikuja siku chache kabla ya shughuli kuijaribu ngoma. Akajifunga mshipi wa ngoma kiunoni, akaipandia kama desturi, akapiga.

Bo.

Akapiga tena, kwa kiganja chote. Bo. Akaigonga ubavuni kwa kidole, na kutoka jikoni Mwanamkuu akaitikia, "Karibuni!"

Hajira akashuka. "Mheshimiwa, hii stuli."

"Ngozi bado mpya. Itazoea."

"Ngozi haina kosa, kosa la mwili. Umeiziba chini, pumzi itokee wapi? Na tumbo lote limejaa gundi, nasikia inavyokaba. Gogo ni ubavu mmoja: ukilipiga juu, mti mzima unaitika. Hii kila ubao unasikiliza peke yake, na mwenziwe hajali. Na mdomo huu mkali, ngozi imeukalia kama mtu aliyekalia bati."

"Kungwi..."

"Hata debe tupu huvuma, Mheshimiwa. Hii imeshindwa hata na debe."

Feisal akaingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akautoa, akamwekea kitu kiganjani. Hajira akatazama. Akafumba kiganja.

"Ila umbo lake zuri," akasema.

Elimu yake yote akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na zile noti, akaenda zake. Mwenye kujua na akanyamaza kwa bei, sijui tumwite nani.

*

Siku yenyewe maturubai yalifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, na wageni wa Kiongoroni wakafika baada ya adhuhuri. Walikuwa wametoka kwao kwa boti mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka Kibiti, na walisema mapema, kwa adabu, kwamba wangeondoka na bibi harusi kabla maji hayajatoka. Maji yakitoka katika vijito vya delta, boti hukaa juu ya tope na abiria wake hulala na mbu. Sheikh alikuwepo. Kilichongojwa ni mwali atoke.

Hajira akapiga. Bo.

Wageni wakatazamana. Mwanamume mmoja akageuka nyuma kuangalia nani ameangusha kiti.

"Imelala tu," Feisal akasema kwa sauti ya mwenye nyumba. "Ipelekeni motoni."

Hakuna ngoma pwani nzima isiyopelekwa motoni. Ngozi ikilegea, huwashwa makuti au nyasi kavu, ngoma ikaoteshwa mpaka ikaze. Mtoto wa miaka mitano anajua hivyo. Ngoma ndogo zilikwisha oteshwa na zilikuwa zinalia vizuri. Wakaukokota msondo mpaka kwenye makuti yanayowaka.

Yussuf alikuwepo, mezani, na sahani yake. Alipoona ngoma inaelekea motoni alisimama na tonge mkononi.

"Bosi, samahani. Ile gundi..."

"Yussuf, kaa ule."

Yussuf akakaa, akala. Kujitetea hakuweza, kwani mdomo ulikuwa na kazi.

"Isogezeni zaidi!" Feisal akaamuru. "Mnaogopa nini? Moto huu hata yai hauivishi!"

Ikasogezwa. Harufu ya kwanza ilikuwa ya vanishi, watu wakafunika pua. Kisha vanishi ikaumuka malengelenge. Kisha msumari mmoja wa makochi ukaruka, ukafuatwa na mwingine, na mbele ya macho ya koo zote mbili msondo wa Feisal ukaachama kuanzia juu kwenda chini, mbao zikalala huku na huku kama ganda la ndizi. Kile kizibo cha chini kikabiringika mpaka miguuni pa sheikh. Mlio ulitoka siku hiyo kwa mara ya kwanza, paa!, na ulikuwa mzuri. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Hii haikungoja hata kuvuma.

Mama wa bwana harusi alitazama zile mbao kwa muda, akajifunga kanga vizuri. "Siye Kiongoroni tungepiga pipa la mafuta," akasema. "Hatuna uwezo, lakini pipa ni pipa."

Wanawake wakacheka ndani ya kanga zao, na wale walioisifu ngoma sebuleni ndio waliocheka zaidi. Mtu akapendekeza wapige msondo wa kwenye simu, waunganishe na spika. Hajira akamkata kwa jicho.

"Mwali hatolewi na simu. Kama ni hivyo mwozesheni na simu vilevile."

Mwanamkuu akamvuta mumewe nyuma ya tangi la maji.

"Nenda Umwe."

"Wewe ndiye uliyesema yule ni mama wa kazi!"

"Nilisema, ndiyo. Na wewe ulikuwa unatafuna."

*

Kwa mwenye gari Umwe si mbali. Feisal alifika huku amejaa jasho, akaacha injini inaunguruma, akashuka na mguu mmoja tu, mwingine ukabaki ndani.

Zabibu alikuwa amekaa kibarazani, juu ya mkeka. Alikuwa amevaa doti mpya ya kanga, viganja vina hina mbichi, kandambili hazijapata vumbi, na kando yake kulikuwa na mkoba mdogo uliofungwa. Feisal hakuviona vitu hivyo. Alikuwa anatazama mlango wa nyumba, kule ngoma iliko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu, Feisal. Zima gari upumzike."

"Sikai. Nina wageni."

"Nasikia."

"Ile ngoma ya babu ipo?"

"Ipo. Itakwenda wapi?"

"Naiomba."

Zabibu alimtazama vizuri, kwa utulivu. "Umekuja kuomba ngoma."

"Ndiyo, dada."

"Ngoma tu?"

Feisal alifikiri. Tumpe haki yake, alifikiri kweli, paji likakunjamana.

"Na mshipi wake," akasema. "Kama upo."

Zabibu akainuka, akaingia ndani, akatoka ameukumbatia msondo uliozungushiwa mkeka. Ulikuwa gogo moja la mkongo, refu, jeusi kwa moshi wa miaka. Babu yao aliuchimba kwa tezo mpaka ubavu ukawa na unene uleule kila mahali, akaulainisha mdomo ukawa mviringo ili ngozi iteleze bila kukwama, na mkia akauacha wazi. Haukuwa na msumari hata mmoja. Ngozi ilishikwa kwa vijiti. Feisal alipoupakia uligonga goti lake, ukavuma, ukaendelea kuvuma mpaka kuku waliokuwa wanaparura uani wakainua vichwa. Akaufunga mlango wa gari haraka kana kwamba ameiba.

Kisha akatoa noti.

"Weka, Feisal. Ngoma ya babu huikodi."

"Basi ahsante, dada. Mungu akubariki."

"Mwambie Shufaa..." Zabibu akaanza. Lakini Feisal alikwisha pandisha kioo, maana gari lilikuwa linatimua vumbi, na vumbi lilikuwa linaingia ndani.

*

Hajira hakuhitaji kuupiga kwa nguvu. Aliugusa tu, na mazungumzo yakakatika chini ya turubai. Ulitoka mlio mnene uliopitia ardhini, ukapanda katika miguu ya viti, vikombe vya plastiki vikatetemeka juu ya meza. Akaupiga tena, na mlio wa kwanza ulikuwa bado haujaondoka. Mama wa bwana harusi akasimama bila kuambiwa.

"Sasa ndiyo mnatuita," akasema.

Ndani, Shufaa alikuwa amekaa juu ya mkeka, amefunikwa gubigubi. Utoto wake wote alilala kando ya ngoma ile. Siku za mvua, radi ikipiga, ilikuwa ikiitika yenyewe pembeni, naye humsogelea shangazi yake kwa hofu, na shangazi humwambia, "Lala, babu anakohoa." Aliposikia mlio alishika mikono ya wanawake waliokuwa naye.

"Shangazi amekuja," akasema. Akalia kwa furaha, na wanawake wale, ambao walijua kila kitu, wakamfuta machozi tu.

Akatolewa. Vigelegele vikapanda, msondo ukaunguruma, akasimamishwa katikati ya uwanja na kanga yake usoni. Feisal alikuwa amekwisha panga mambo. Alimtafuta Habiba, binamu wa Mwanamkuu, akamwahidi kitenge kizuri ili asimame mahali pa shangazi. Habiba akaja na bangili zake zinalialia, akanyoosha mkono kuinua kanga.

Shufaa akaudaka mkono ule.

"Wewe nani?"

"Shangazi yako, mama."

"Shangazi yangu mkono wake una sugu la jembe."

Hajira akaacha kupiga. Ngoma ikaendelea kidogo yenyewe, kisha nayo ikanyamaza, na katika kimya hicho kila mtu akasikia sauti kutoka chini ya kanga.

"Baba."

"Mwanangu, watu wanatazama."

"Ngoma hii umeitoa wapi?"

"Kwani... Umwe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Shangazi umemwona?"

"Nimemwona."

"Ukamwambia aje?"

Feisal akamtazama sheikh, akawatazama wageni, akatazama zile mbao za Yussuf zilizokuwa bado zinafuka moshi karibu na jivu. "Nilikuwa na haraka," akasema.

"Na ile siku uliyosema umemwalika akakataa?"

Mwanamkuu alikuwa ameshika kichwa. Mama wa bwana harusi akageuka taratibu kumwelekea baba wa bibi harusi, na uso wake haukuwa tena na adabu ya ugenini.

"Kumbe shangazi yupo? Hapo Umwe? Mzima?"

Shufaa akaivuta kanga ikamfunika mpaka kiunoni, akageuka, akarudi ndani peke yake bila kushikwa mkono. Kwa kuwa haoni, akajigonga bega kwenye fremu ya mlango, watu wakasema "Pole!" kwa pamoja. Komeo likasikika.

"Atanifunua yeye," akasema kutoka ndani. "Akija, nitatoka."

Simu ya mgeni mmoja ikalia. Aliyepiga alikuwa nahodha wao, kutoka Nyamisati. Maji yameanza kushuka.

"Siye tutawangoja," mama wa bwana harusi akamwambia Feisal. "Maji hayatawangoja. Yakitukuta hapa, tutaondoka na boti yetu bila mke wa mwanangu, na kwetu nitaeleza ni kwa nini. Kimbia, baba. Na safari hii shuka kwenye gari."

*

Alishuka. Alizima na injini. Bila mngurumo ule Umwe palikuwa kimya, na Feisal akajikuta amesimama uani kwa ndugu yake na mikono isiyo na cha kushika.

Zabibu alikuwa palepale kibarazani. Sasa Feisal aliona. Aliona doti mpya. Aliona hina katika viganja vile vya jembe, kandambili zisizo na vumbi, mkoba uliofungwa. Mtu hajipambi hivyo ili akae kutazama kuku. Alikuwa amevaa tangu asubuhi, akingoja mdogo wake aje amwite kwenye shughuli ya mtoto aliyemlea, na mdogo wake alikuja, akapakia ngoma, akapandisha kioo.

"Umesahau nini tena?" Zabibu akauliza.

"Shufaa anakuita, dada. Amejifungia. Anasema hatoki mpaka umfunue wewe. Na maji yanatoka, wageni wanataka kuondoka, watu wote wananitazama mimi..."

"Shufaa ananiita, hilo najua. Sauti yake naisikia hata asiposema." Zabibu hakuinuka. "Na wewe?"

Neno lenyewe, nakuita, lilikuwa fupi. Feisal alikuwa ameuza shehena za saruji kwa mdomo ule, amewasifu wakubwa asiowapenda, amehutubia harusi za watu bila kuombwa. Akaupanua. Akavuta pumzi, kifua kikajaa, shingo ikavimba. Kilichotoka kilikuwa kifupi, kikavu, kikaishia palepale kwenye meno. Yussuf angekitambua.

Zabibu alingoja. Alingoja kwa kadiri mtu anavyoweza kungoja na mtoto amejifungia chumbani. Kisha akachukua mkoba wake, akampita, akafungua mwenyewe mlango wa mbele wa gari, akaketi.

"Twende," akasema. "Utajaribu tena njiani."